Gari dogo la familia lenye milango ya kuteleza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mnunuzi wa Tanzania au Kenya anayetafuta gari la familia lililotumika Japani, ambaye hataki ukubwa wa Noah lakini amechoshwa na milango ya nyuma inayogonga ukuta kila anapoegesha.

Ni magari gani hasa yanayozungumziwa hapa?

Ni yale ambayo mlango wa nyuma haufunguki kwa bawaba, bali hutoka nje kidogo kisha huteleza kuelekea nyuma juu ya reli iliyo ubavuni mwa gari. Katika barabara zetu linalotawala ni Toyota Sienta, na Honda Freed huifuata kwa mbali. Wengine katika kundi hili ni Toyota Porte na pacha wake Spade, Toyota Raum, Toyota Isis, Mazda Premacy ya kuanzia mwaka 2005, Nissan Lafesta, Suzuki Solio ya kuanzia mwaka 2011, pamoja na Toyota Roomy na Tank, ambayo ni magari mafupi ya viti vitano yaliyoanza kuuzwa mwaka 2016.

Wanunuzi wengi hudhani kwamba Sienta ni nyembamba kuliko Noah, na sivyo. Sheria za Japani huyaweka magari katika daraja la chini ikiwa upana hauzidi mita 1.7 na urefu hauzidi mita 4.7, na watengenezaji hukaribia mipaka hiyo kadiri wanavyoweza. Ndiyo maana Sienta, Freed na Noah za kawaida zilizotoka kabla ya mwaka 2022 zote zina upana wa milimita 1,695. Tofauti iko katika urefu na kimo. Sienta ya mwaka 2015 ina urefu wa milimita 4,235, na Noah ya mwaka 2014 ina milimita 4,695, yaani karibu nusu mita zaidi, na hiyo ndiyo nusu mita inayokosekana unapotafuta nafasi ya kuegesha mjini.

Je, milango hii ina faida ya kweli, au ni mbwembwe tu?

Faida ni ya kweli kwa mtu mwenye watoto wadogo, kwa anayemsafirisha mzazi mwenye maumivu ya magoti, na kwa anayeegesha mahali finyu. Asiye na hata moja kati ya hayo atakuwa amenunua uzito na mota za kutunza bila sababu, na gari la kawaida kama IST au Fielder litamfaa zaidi.

Katika maegesho ya ghorofa nyingi za Nairobi, au katika mitaa ya Kariakoo, mlango wa bawaba hufunguka kiasi cha kupenyeza mkono na mkoba tu. Mlango wa kuteleza huacha uwazi wake wote hata kama ukuta uko futi moja kutoka kwenye gari, na mzazi aliyembeba mtoto aliyelala anaweza kuingia ubavu ubavu na kumfunga mkanda bila kumwamsha. Kwa wazee, jambo la kupima ni kimo cha sakafu mlangoni: Sienta ya mwaka 2015 ya kuendeshwa kwa magurudumu mawili ina takriban sentimita 33 kutoka ardhini, kimo ambacho mtu hukipanda bila kushika kitu.

Kuhusu bodaboda, mlango unaoteleza hauwezi kumpiga mwendeshaji anayepita kandokando ya gari lililosimama, na hilo peke yake linatosha kuwashawishi wengi. Hata hivyo mlango wa bawaba humpa anayekuja nyuma ishara kwamba kuna mtu anashuka, ilhali huu hautoi ishara yoyote, na mtoto anaweza kuruka nje ghafla. Kufuli ya watoto iliyo kwenye ukingo wa mlango iwekwe tangu siku ya kwanza, hasa upande wa kulia unaoelekea barabarani.

Nitaukaguaje mlango wa umeme kabla ya kununua?

Hapa ndipo wanunuzi wengi huteleza, kwa kuwa fundi anayeletwa kukagua gari hufungua boneti, husikiliza injini, hutazama oili na moshi, kisha huondoka bila kuugusa mlango ambao familia itautumia mara nyingi kuliko kitu kingine chochote katika gari hilo.

Anza kwa kuzima swichi kuu ya milango ya umeme, ambayo kwa kawaida iko upande wa dereva karibu na usukani, kisha ufungue mlango kwa mkono. Mlango usio na kasoro huenda kwa sauti moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ukihisi unadunda mahali fulani, au unapanda na kushuka kidogo ukiwa njiani, ama roli (kigurudumu kinachobeba mlango ndani ya reli) imekwisha ama reli imepinda. Simamisha mlango ukiwa nusu, ushike ukingo wake wa chini na kujaribu kuuinua. Ukicheza sana, roli za chini au za katikati zimelika. Pitisha kidole ndani ya reli ya chini: mchanga uliochanganyika na grisi nyeusi huonyesha kwamba mtu aliyelimiliki gari alikuwa akipaka grisi bila kusafisha kwanza, na mchanganyiko huo husaga roli kama msasa.

Baada ya hapo washa swichi, na ufungue na kufunga kwa rimoti, kwa kitufe cha dereva na kwa kitasa cha mlango wenyewe. Rudia mara nyingi bila aibu, hata kama muuzaji ananuna, kwa sababu waya wa chuma unaovuta mlango ukianza kukatika nyuzi mota huweza kufanya kazi vizuri mwanzoni na kugoma baadaye. Sikiliza mkwaruzo ndani ya ubavu wa gari. Weka taulo lililokunjwa njiani mlango ukiwa unafunga; unapaswa kuhisi kizuizi na kurudi nyuma. Tazama pia sentimita ya mwisho kabisa, ambapo mlango hujivuta wenyewe hadi ukakaza. Ukibaki umeachia kidogo na taa ya mlango ikiendelea kuwaka kwenye dashibodi, kitasa cha kujivuta kina kasoro. Mwisho, egesha gari likiwa limeinamisha pua kwenye mteremko, fungua mlango hadi mwisho na uone kama unashikilia au unajirudisha wenyewe. Mlango wa kuteleza usioshikilia kwenye mteremko ni hatari kwa vidole vya mtoto, na bei haipaswi kujadiliwa kabla haujatengenezwa.

Kitu kimoja kisikutishe: katika magari mengi ya aina hii, kifuniko cha tangi la mafuta kikiwa wazi, mlango wa upande huo hukataa kufunguka au huishia njiani. Umetengenezwa hivyo makusudi ili usigonge kifuniko au bomba la kujazia.

Mlango ukigoma, ni lazima kununua mota nzima?

Mara nyingi si lazima. Chunguza kwanza betri ya gari, swichi kuu, uchafu kwenye reli na waya za umeme zinazopinda kila mlango unapofunguka. Ikiwa ni waya wa kuvuta uliokatika, wapo mafundi wanaoubadilisha peke yake, na wengine hupendekeza seti nzima iliyotumika kutoka Japani. Ipo pia njia ya watu wa vitendo, ambayo sioni ubaya wake: kuuondoa mfumo wa umeme upande ulioharibika na kuutumia mlango kwa mkono. Matoleo mengi ya bei ya chini yalitoka kiwandani yakiwa na umeme upande wa kushoto tu, na wenyewe hawajawahi kulalamika.

Sienta au Freed?

Kwa familia nyingi za hapa jibu ni Sienta ya petroli, na sababu kubwa iko dukani kwa spea. Toleo la kwanza, lililotengenezwa kuanzia 2003 hadi 2015, lina injini ya 1NZ-FE, ile ile iliyomo katika IST ya lita 1.5, Raum, Probox na Fielder, kwa hiyo kila fundi anaijua na kila mji una vifaa vyake. Toleo la pili, la 2015 hadi 2022, lilipata injini ya 2NR-FKE inayotumia mafuta kidogo zaidi. Kiwandani lilipimwa kuwa linakwenda takriban kilomita 20 kwa lita, kipimo cha maabara ya Kijapani ambacho foleni ya Mbagala au ya Thika Road haikitambui.

Freed ni gari bora zaidi kukalia. Kiti cha dereva, utulivu wa mwendo na nafasi ya abiria wa safu ya pili vyote viko mbele ya Sienta, na toleo la viti sita lina viti viwili vya katikati vilivyotengana, ili mtoto mkubwa apite kati yake kwenda nyuma bila kukunja kiti cha mdogo wake. Toleo la kwanza lilianza mwaka 2008, la pili mwaka 2016. Anayeishi karibu na fundi anayezifahamu Honda vizuri, na aliye tayari kusubiri spea ziagizwe, hatajuta kuichagua. Anayeishi Sumbawanga au Lodwar afikirie mara mbili.

Safu ya tatu ndiyo inayoyatenganisha magari haya katika matumizi ya kila siku. Katika Sienta, viti vya nyuma hukunjwa na kuzama chini ya safu ya pili, na buti hubaki tambarare kabisa. Lakini ili vizame, safu ya pili lazima ikunjwe mbele kwanza, na kama kuna kiti cha mtoto kimefungwa hapo, utakitoa na kukifunga upya. Katika Freed, viti hivyo hupandishwa na kufungwa kwenye kuta za kushoto na kulia, kazi ya dakika moja isiyohitaji kugusa safu ya pili, ila vinakula upana wa buti na dirisha la nyuma linazibwa kwa sehemu. Fanya zoezi hili mwenyewe, gari likiwa limesimama kwa muuzaji, ukiwa na kiti cha mtoto ulichokuja nacho kutoka nyumbani.

Je, viti saba vinatosha watu saba?

Vinatosha watu wazima wanne na watoto watatu, kwa safari za mjini. Safu ya tatu ya Sienta ni ya watoto au ya mtu mzima anayekwenda mwendo mfupi, na ikiwa imejaa, buti hubaki na nafasi ya mifuko ya sokoni tu. Familia inayosafiri kila Desemba kwenda Moshi au Kisumu ikiwa na watu saba na mizigo yao inunue Noah, Voxy, Serena au Stepwgn na isijidanganye. Kwa wanaochagua Noah, iliyotengenezwa kuanzia 2007 ni salama zaidi kuliko zile za 2001 hadi 2007 zenye injini ya D-4, inayopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ambayo mafundi wengi huilalamikia.

Kwa upande mwingine, mwenye watoto wawili na asiyebeba wageni mara kwa mara anaweza kuridhika na Sienta au Freed za viti vitano, au Solio na Roomy. Roomy ina injini ya lita moja, na ikijaa watu mlimani husikika ikihangaika.

Porte, Raum na Isis zina tofauti gani?

Porte ya 2004 hadi 2012 ina mlango mmoja mkubwa wa kuteleza upande wa kushoto unaohudumia kiti cha mbele na cha nyuma kwa pamoja, na abiria wa nyuma kulia hana mlango wake. Toleo la 2012 liliongezewa mlango wa bawaba upande huo. Raum ya 2003 na Isis hazina nguzo ya katikati upande wa kushoto, hivyo milango yote miwili ikiwa wazi unapata uwazi wa ajabu wa kuingizia kiti cha magurudumu au jokofu. Ni magari mazuri kwa Tanzania, Kenya na Uganda, ambako kushoto ni upande wa watembea kwa miguu. Kwa msomaji wa Burundi, ambako magari hupita kulia na bado yapo mengi yenye usukani wa kulia, uwazi huo mkubwa unaelekea katikati ya barabara, na kwa hiyo Porte haifai kabisa kwa kushusha watoto shuleni.

Umri wa gari na ukubwa wa injini vinaathiri vipi ushuru?

Vinaathiri sana, na ndiyo sababu mojawapo ya magari haya kupendwa. Nchini Kenya, gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa likizidi miaka minane. Kwa mwaka 2025, kwa mfano, lilitakiwa liwe limesajiliwa kwa mara ya kwanza mwaka 2018 au baadaye. Kwa hiyo Sienta ya toleo la kwanza unayouziwa Kenya leo ni gari ambalo limekwisha kutumika humo humo nchini, na litakaguliwa kwa jicho hilo. Ushuru wa bidhaa huko hupanda injini ikizidi sisi (cc) 1500, na injini za petroli za Sienta na Freed zina sisi 1496 au 1497, yaani zimekwepa mpaka kwa kona ya jicho. Noah ya sisi 1986 haikwepi.

Tanzania haizuii magari ya zamani, bali huyatoza ushuru wa ziada wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 likizidi miaka 10. Gari la bei nafuu sana kule Japani linaweza hivyo kuwa ghali kuliko la miaka mitatu mbele yake likishafika bandarini. Fungua kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, linganisha miaka miwili au mitatu ya modeli ile ile, ndipo umlipe wakala. Uganda hairuhusu gari lililozidi miaka 15. Viwango hivi huweza kuguswa katika bajeti ya Juni, kwa hiyo hesabu ya jirani aliyeagiza mwaka juzi isiwe msingi wako.

Karatasi ya mnada inanieleza nini kuhusu milango?

Karatasi hiyo ni ripoti ya ukaguzi inayotolewa na mnada wa magari wa Japani. Zaidi ya alama ya jumla, ambayo 4 na 4.5 ni nzuri na R au RA ina maana kwamba gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa, tazama mchoro wa gari. Herufi A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, na XX ni kipande kilichobadilishwa. W au XX kwenye mlango wa kuteleza au kwenye ubavu wa nyuma, inapopita reli ya katikati, ni sababu ya kuuliza zaidi hata kama alama ya jumla inapendeza, maana reli iliyopinda kidogo hainyooki tena sawasawa.

Vipi kuhusu haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme?

Sienta haibridi ya 2015 ilipimwa kilomita 27.2 kwa lita, na kwa dereva wa foleni za mjini akiba ni ya kweli. Betri yake kubwa iko chini ya safu ya pili na hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, hivyo matundu ya hewa yasizibwe na mazulia, na yasafishwe vumbi. Ikaguliwe kwa kompyuta kabla ya malipo. Freed haibridi ya toleo la pili inatumia giaboksi ya klachi mbili, ambayo jamii yake katika Fit na Vezel za mwanzo ilirudishwa kiwandani zaidi ya mara moja. Mimi nisingeinunua mbali na miji mikubwa.

Giaboksi za magari haya zina masharti gani?

Matoleo mengi yana giaboksi ya CVT, yaani ya otomatiki isiyo na gia za hatua, na sharti kubwa ni mafuta yake. Sienta za kwanza hutumia yale ya Toyota yaitwayo TC, na za 2015 hutumia FE. Freed za kwanza hutumia HMMF, na za baadaye za petroli HCF-2. Fundi anayesema mafuta ya giaboksi ni yale yale tu, asiruhusiwe kulishika gari. Kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga au wa Mai Mahiu, gari likiwa limejaa, sogeza gia kwenye S, B au L, kutegemea modeli, badala ya kukanyaga breki njia nzima.

Je, yanahimili barabara za vumbi na matuta?

Kwa kiasi. Uwazi chini ya gari ni takriban sentimita 14, na watu saba wakiingia hupungua. Wengi huweka springi ndefu au vipande vya kuinulia; kuinua kupita kiasi huharibu ekseli na kuwarudishia wazee kile kimo ambacho gari lilinunuliwa kukikwepa. Vumbi ni adui wa reli kuliko wa injini. Kila unapoosha gari, puliza reli zote tatu kwa hewa, zifute kwa kitambaa kikavu, kisha upulizie kilainishi kisichonata. Mpira wa mlango nao ufutwe, vinginevyo vumbi la Dodoma litaingia hadi kwenye viti.

Nimepewa gari lenye namba mpya kabisa. Je, hilo ni hakikisho?

Namba ya usajili huonyesha lini gari lilisajiliwa hapa, haionyeshi limetengenezwa lini wala limeishi vipi. Katika miji midogo ya Kenya Sienta hubeba abiria kutwa, na gari la namna hiyo hujulikana kwa dalili zake: viti vilivyoshonwa upya, sakafu ya mlangoni iliyokwanguka hadi chuma, na mlango wa kushoto uliolegea ilhali wa kulia ni mzima. Andika namba ya chasisi na uiulizie kwa mtengenezaji kama mifuko ya hewa yenye kasoro ya kampuni ya Takata, iliyorudishwa kwa mamilioni kutoka kwa Toyota, Honda na wengine, ilikwisha kubadilishwa katika gari hilo. Ukiwa hapo hapo, penyeza vidole kati ya kiti na egemeo lake katika safu ya pili. Vyuma viwili vya ISOFIX vikiwepo utavigusa, na kiti cha mtoto kilichotengenezewa vyuma hivyo kitafungwa bila kutegemea mkanda.